Uso wa Baba Mkwe

Mkono wa mzee ulikuwa umefika usawa wa kifua. Tulinagwe alichukua karatasi nyingine, akailaza juu ya ile ya kwanza, akazichomeka zote mbili kwenye vijiti vya mbao ili zisiteleze. Chini ya kioo cha meza kulikuwa na kioo kingine, cha kujitazamia, kimeegemezwa kuelekea dirishani. Jua liliingia, likakigonga, mwanga ukapanda kupitia karatasi, na mistari ya chini ikaonekana kwa juu kama mifupa ndani ya dagaa mbichi wa usipa. Alichora kikombe juu kidogo. Vidole juu kidogo. Kiwiko akakitoa nje, maana mzee wa namna ile hainui kikombe kwa mkono peke yake, huinua na bega.

Kazi yake pale iliitwa "za kati". Bwana Morikawa, Mjapani wa mradi, alichora mwanzo wa tendo na mwisho wake: kikombe mkekani, kikombe mdomoni. Yote yaliyopita katikati yalikuwa ya Tulinagwe. Filamu yenyewe ilikuwa fupi, ya katuni, ya kuwafundisha watu kuchemsha maji. Mwaka uliopita kipindupindu kilikuwa kimepita kando ya ziwa, na katika baadhi ya nyumba za Ngonga kilikuwa hakijabakiza mtu wa kufunga mlango.

Walifanyia kazi katika ghala la Ipinda. Zamani lilikuwa ghala la mpunga la chama cha ushirika. Chama kilipokufa, wenye malori walianza kununua mpunga shambani kwa bei waliyoitaka wao, ghala likabakiwa na popo, kisha mradi ukalikodi. Lilikuwa bado linanuka pumba. Pembeni ilisimama mizani kubwa ambayo Asajile, mume wa Tulinagwe, alikuwa karani wake mpaka alipopunguzwa kazi. Sasa juu ya bamba lake waliweka karatasi safi, zisiguse sakafu.

Bwana Morikawa alikuja akiburuza kandambili. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye mvi zilizosimama kama nyasi baada ya kukatwa. Alizichomoa karatasi zilizokwisha, akazishika kwa pamoja kwa vidole vya mkono mmoja, akaziachia haraka moja baada ya nyingine. Mzee akainua kikombe. Akakunja mdomo wa chini ndani kidogo, kama mtu anayeogopa kuungua, akanywa.

"Anaishi," alisema Bwana Morikawa. Lilikuwa mojawapo ya maneno yake machache ya Kiswahili. Akanyoosha kidole kwenye michoro yake mwenyewe, ya nesi na ya watoto. "Hawa, karatasi. Huyu, anaishi."

Tulinagwe aliinamisha kichwa ili furaha isionekane. Hakuwahi kufundishwa kuchora. Alipokuwa msichana kwao Ipyana alipaka kuta za nyumba kwa udongo mwekundu na mweupe, watu wakamwita apake na za kwao. Baadaye nesi wa zahanati alimwomba achore picha za kunyonyesha. Mradi ulipofika na kuuliza nani anajua kuchora huku, nesi alimtaja yeye. Mwanzoni Mjapani alimpa mzee asiye na uso, duara tu lenye kofia, akamwambia ampe sura ya hapa. Akampa.

Mchana Rut aliingia na sufuria kichwani. Rut alikuwa dada wa Asajile. Alikuwa na kibanda cha chakula sokoni, na mradi ulikula kwake.

"Mugonile!" alisalimia ghala zima. "Mjapani, leo samaki mbasa ameletwa na kichwa chake. Anakutazama, na wewe mtazame, msiogopane."

Bwana Morikawa alicheka bila kuelewa. Rut alitua sufuria, akapita chini ya kamba ambayo michoro iliyotiwa rangi ilining'inia kwa vibanio vya nguo. Alipita ya nesi. Alipita ya watoto. Akasimama.

"Wifi."

"Abee."

"Huyu ni baba."

"Baba gani?"

"Kwetu baba ni wangapi?"

Tulinagwe alinyanyuka, akaja kusimama nyuma yake. Alikuwa amemchora mzee yule kwa majuma mengi, mstari baada ya mstari, kiwiko leo na kidole kesho, na kwa mbali kiasi hiki alikuwa hajamtazama bado. Unyusi mmoja ulikatika katikati. Shavu la kushoto lilizama kuliko la kulia. Chini ya sikio kulikuwa na kovu fupi lililopinda.

Rut alishusha sauti. "Kovu hili ni la mundu. Mimi mwanawe nililiona nikiwa mtu mzima, maana anafunga kola mpaka juu. Wewe umeliona lini?"

Tulinagwe aligeuza uso pembeni. Alihisi joto likipanda kutoka shingoni.

Tangu aolewe hakuwa amesimama mbele ya baba mkwe wake. Wanyakyusa huita kutila: mke wa mtu humcha baba wa mumewe, hamtazami, hamwachi amtazame, na jina lake halipiti mdomoni mwake. Mzee akikohoa migombani, yeye alitokea mlango wa nyuma. Wakikutana njiani, yeye alishuka majarubani, akajifunika kanga kichwani, akageuza mgongo mpaka mlio wa fimbo upotee. Mchungaji aliwahi kusema kanisani kwamba Mkristo anaweza kumwamkia mkwewe. Mzee alisema mchungaji na amwamkie wa kwake.

Na ili umkimbie mtu kwa wakati, lazima umjue. Tulinagwe alizijua hatua zake, ya kushoto iliyoburuzika na ya kulia iliyokanyaga kwa hasira. Alikijua kikohozi cha asubuhi na cha baada ya kula. Alijua anavyosimama kabla ya kugeuka. Pale nyumbani hakuna aliyemsikiliza mzee yule kama yeye.

Lakini uso aliuona mara moja tu. Mzee alikuwa na homa, wanawake wengine wameenda mtoni, naye aliita maji. Tulinagwe alisukuma kibuyu ndani kwa ufito huku ametazama pembeni, kama inavyotakiwa. Kisha aliogopa asije akakimwaga. Akatazama kupitia mwanya wa mianzi. Mzee alifumba macho, akakunja mdomo wa chini, akanywa, na Tulinagwe aliendelea kutazama mpaka alipomaliza.

"Hii itaonyeshwa uwanjani Ngonga," alisema Rut. "Kwenye shuka kubwa. Watu wote watakuwepo, na baba ndani, anakunywa maji, amechorwa na mke wa mwanawe, uso kwa uso." Akaziba mdomo kwa kiganja. "Wifi, mbona umetumaliza?"

*

Bwana Hebroni alikuwa afisa wa mradi, na ndiye aliyekuwa mkalimani. Alikuwa mtu wa hukuhuku aliyesoma Dar es Salaam akarudi na shati la mfuko uliojaa kalamu. Tulinagwe alimkuta mlangoni akichokonoa meno baada ya kula.

"Bwana Hebroni, naomba niubadilishe uso wa mzee."

"Una nini?"

"Umefanana na mtu."

"Si ndiyo kazi? Ungefanana na mbuzi tungegombana."

"Umefanana na baba mkwe wangu."

Kijiti kilisimama mdomoni. Ipinda nzima ilijua kwamba mke wa Hebroni huzunguka nyuma ya shule asikutane na baba yake Hebroni. Aligeuka, akamtazama Mjapani aliyekuwa akisafisha brashi.

"Nani ameona?"

"Rut."

"Basi yaishie kwa Rut."

"Unamjua Rut. Nipe muda nichore mwingine. Hata mnene. Hata asiye na ndevu."

"Wageni wa mradi wanakuja kuikagua hii filamu, mama Naomi. Sasa nimwambie nini huyu bwana? Kwamba huku kwetu mke hamtazami baba wa mumewe? Ataniuliza kwa nini. Nimjibu nini? Wewe ungemjibu nini?"

Tulinagwe alifikiri. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza kwa nini.

"Mwambie ni heshima."

"Heshima." Hebroni alilitamka kama mtu anayeonja mboga isiyo na chumvi. "Tunawaomba watusaidie visima, halafu tuwaambie hayo. Usitutie aibu."

Bwana Morikawa alikuwa ameacha brashi. Aliuliza kitu kwa Kiingereza. Hebroni alijibu kwa sentensi fupi, akitabasamu. Tulinagwe alilishika neno moja tu, neno la kuchoka, kwa kuwa mwalimu wao wa shule ya msingi alilifundisha kwa kujilaza juu ya meza.

"Mimi sijasema nimechoka," alisema.

"Nyamaza kidogo."

"Pole," alisema Bwana Morikawa. "Pole, pole sana." Akaenda mwenyewe kwenye chupa ya chai, akamimina, akatia sukari nyingi, akamletea kwa mikono miwili. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu, akaanza kuongea polepole, akimwachia Hebroni nafasi ya kutafsiri.

"Anasema hata yeye alichoka," alisema Hebroni. "Kwao ni kijiji cha wavuvi, kaskazini, kuna baridi. Alitoka kijana, akaenda mjini kutafuta kazi ya katuni. Hawakumpa kuchora. Walimpa kupaka rangi, nyuma ya karatasi za plastiki, rangi moja siku nzima. Leo bluu, kesho bluu. Miaka. Analala chini ya meza."

Bwana Morikawa alionyesha chini ya meza, akaegemeza shavu kwenye kiganja.

"Baadaye wakampandisha, akachora za kati, kama wewe. Bosi akichukia, anazichana. Miaka tena. Halafu ndiyo akapewa michoro mikuu, ya mwanzo na mwisho wa tendo. Halafu ndiyo akawa mkuu wa filamu mwenyewe, wengine wanamchorea." Hebroni alisikiliza kidogo, akacheka. "Anasema siku hizi kwao za kati hazichorwi tena. Kampuni zinapeleka nje, kwenye nchi ambazo mikono ni rahisi. Yeye na wenzake wakaambiwa wapumzike. Ndiyo sasa anatengeneza filamu za afya."

"Walimpunguza," alisema Tulinagwe.

"Eeh. Kama mumeo Asajile." Hebroni alielekeza kidevu kwenye mizani. "Lakini ona, yeye amezunguka dunia. Anasema wewe una mkono. Ukivumilia, utapanda."

Chai ilikuwa tamu kupita kiasi. Tulinagwe aliiweka chini. Alijua kwamba akiondoka pale bila kusema, hatasema tena. Alinyanyuka, akaenda kwenye kamba, akaweka kidole kwenye uso wa mzee.

"Baba," alimwambia Mjapani moja kwa moja. "Baba mkwe. Wangu. Vibaya."

"Baba?" Bwana Morikawa alilijua neno hilo, watoto wa sokoni walimwita hivyo. "Baba yako?"

Hebroni aliingilia kati kwa Kiingereza, haraka. Tulinagwe alimtazama Mjapani usoni, akaona maneno yakimfikia. Macho yake yalilowa. Akatoa miwani, akaifuta, akaivaa. Alipoanza kusema sauti ilikuwa chini sana, na Hebroni alilazimika kumwinamia.

"Anasema baba yake hakuongea naye miaka yote hiyo. Aliona aibu, mtoto wa kiume kuchora vikaragosi. Sasa alipopewa filamu yake ya kwanza, kuna mvuvi ndani yake, akampa uso wa baba yake, bila kumwambia mtu. Mzee akaenda kuangalia sinema. Akatoka, hakusema kitu. Lakini kesho yake akarudi kuangalia tena." Hebroni alinyoosha mgongo. Alionekana mtu aliyetuliwa mzigo. "Kwa hiyo amekuelewa. Anasema uso usiguswe. Ni wa baba. Tena siku ya maonyesho mzee atakaa mbele kabisa, karibu na yeye, kwenye kiti."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ni baba."

"Hukumwambia mkwe."

"Kiingereza chao ni kilekile, baba tu, wanaongeza kakipande." Hakumtazama.

Bwana Morikawa alikuwa amekwisha kuchomoa karatasi moja kwenye kamba, ile ya mzee akinywa. Akailaza mezani, akachukua brashi nyembamba na wino.

"Anataka kuandika jina la mzee hapo chini," alisema Hebroni, "ampelekee zawadi. Anaitwa nani?"

Tulinagwe alirudi nyuma hatua moja.

"Taja basi, wino unakauka."

Alitazama vidole vyake. Vilikuwa na rangi ya kahawia, rangi ya ngozi ya mzee.

"Unamwona mgeni ameshika brashi?"

"Bwana Hebroni, unajua."

"Najua nini? Jina la mtu ni jina la mtu. Wenzetu wameanza kuwa na televisheni huko Dar es Salaam, sisi hapa jina la mzee ni bomu." Alisema kwa Kiswahili, lakini akacheka kwa ajili ya Mjapani, na Mjapani akacheka pia, kwa adabu, akingoja.

Rut alikuwa amerudi kuchukua vyombo. Alisimama mlangoni na beseni, akamtazama wifi yake kwa muda.

"Reubeni," alisema. "Anaitwa Reubeni. Andikeni, mwacheni."

Bwana Morikawa aliandika kwa herufi nzuri. Akapuliza wino, akaikunja karatasi kama bomba, akaifunga uzi, akampa Rut kwa mikono miwili huku akiinama.

"Mimi sipeleki," alisema Rut.

"Utapeleka," alisema Hebroni, kwa upole. "Zawadi ya mgeni. Au mradi utafute chakula kwingine?"

Rut aliiweka ndani ya beseni, kati ya sahani.

*

Tulinagwe alipofika nyumbani Ngonga alimkuta Asajile amekaa nje, juu ya kinu kilicholazwa, mikono kati ya magoti. Mlango wa nyumba ya mzee ulikuwa umefungwa. Juu ya mkeka karatasi ilikuwa imekunjuliwa, imewekewa mawe kwenye pembe. Mama mkwe wake, Hosiana, alikaa upande mmoja; upande mwingine alikaa baba mdogo Eliya, ndugu wa mzee. Nyuma ya ua wa mianzi wanawake wa jirani walipita polepole kuliko mtu mwenye safari.

Alipiga magoti mbali na mkeka.

"Mzee ameuliza neno moja tu," alisema Hosiana. "Anauliza, maji hayo aliyanywa siku gani."

"Siku ya homa, mama. Mlikuwa mtoni."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nje. Kwenye mwanya."

"Nani alikutuma kwenye mwanya?"

"Niliogopa asimwagikiwe."

Hosiana aliitazama karatasi. Aligusa ule mdomo uliokunjwa, akaondoa kidole kama aliyeguswa na moto. "Ni yeye kabisa," alisema, si kwa mtu yeyote. "Mpaka anavyojifanya haogopi."

Eliya alikohoa. "Jambo hili lina njia yake, hatuhitaji kubishana. Ni ng'ombe. Na mpaka ng'ombe afike, mwanamke anarudi kwao Ipyana."

"Ng'ombe yupi, baba mdogo?" aliuliza Asajile. Ng'ombe wake wa mwisho alikuwa amemwuza ili aanze biashara ya mchele ng'ambo ya mto Songwe, na mchele ulichukuliwa na askari wa mpakani, mchana kweupe, kwa kukosa kibali ambacho hakuna aliyemwonyesha kinapatikana wapi.

"Basi arudi kwao, ng'ombe atafuata."

"Akirudi kwao," alisema Hosiana, "dawa ya mzee inanunuliwa na nani?"

Eliya alisogeza jiwe moja kwenye pembe ya karatasi. Zamani mtu alienda hospitali na maumivu yake tu. Sasa kulikuwa na dirisha la kulipia kabla ya kumwona daktari, na jingine baada ya kumwona, na tangu mizani ya ghala isimame, pesa ya madirisha yale ilitoka kwenye mkono wa Tulinagwe. Nyuma ya mlango uliofungwa mzee alikohoa, kile kikohozi cha baada ya kula. Tulinagwe alitambua kwamba amekwisha kula, na akaona aibu kwa kutambua.

Walizungumza mpaka giza likaingia, wao wenyewe, naye akiwa pale pale kwa magoti. Mwishowe Eliya alisema uamuzi kwa sauti ya mtu anayepima kamba. Tulinagwe hatakanyaga uani. Atalala kwenye kibanda cha kukaushia kakao, mwisho wa shamba. Watoto watampelekea chakula. Kazini ataenda kama kawaida. Mshahara ataupokea Rut, maana haifai upite kwenye mkono wake kwenda kwa mzee.

"Na uso huo," aliongeza, "usionyeshwe."

"Wamekataa kuubadilisha, baba."

"Hayo ya mradi sisi hatuyajui. Wewe ndiye unayechora."

Asajile alimsindikiza mpaka mwanzo wa mikakao, amembebea godoro.

"Si ungechora tu mtu wa Ipinda," alisema.

"Nyuso za watu wa Ipinda sizijui."

Alitua godoro. Alionekana anataka kusema jingine, lakini alilolisema lilikuwa: "Kesho usichelewe kazini."

*

Asubuhi alitoka na baiskeli kwa njia ya majaruba. Mpunga ulikuwa umefika magotini na maji yalikuwa bado baridi. Alikuwa amekwisha kuvuka mfereji wa pili aliposikia fimbo, mbele, baada ya kona ya matete. Aliteremka. Akaiacha baiskeli kando, akashuka jarubani, akajifunika kanga kichwani, akageuza mgongo.

Fimbo ilisimama.

Alingoja hatua ya kushoto iliyoburuzika. Haikuja. Alingoja kikohozi. Badala yake alisikia maji yakipasuka, kama ng'ombe anapoingia mtoni, kisha kimya. Tope lilianza kupanda kati ya vidole vyake. Aliinua ncha ya kanga kidogo.

Ng'ambo ya njia, ndani ya jaruba la upande wa pili, mzee alisimama maji yakimfika katikati ya miguu, suruali imelowa. Alikuwa amempa mgongo. Kofia aliivua, ameishika usoni kwa mikono yote miwili. Fimbo ilielea kando yake.

Walisimama hivyo, kila mmoja kwenye tope lake, njia ikiwa tupu katikati. Tulinagwe alijua kupisha. Hakujua namna ya kupishwa. Mabega ya mzee yalitetemeka, pengine kwa baridi.

Mtu mmoja wa Ipinda, na mikungu ya ndizi nyuma ya baiskeli, alipita akipiga kengele. "Ugonile, mama! Ugonile, tata! Mnatafuta nini humo asubuhi hii, perege?" Akacheka mwenyewe, akaenda zake.

Tulinagwe aliivuta baiskeli kutoka kando ya njia, akaikokota ndani ya jaruba, akiukanyaga mpunga wa mtu, mpaka alipoipita kona. Hakutazama nyuma. Mlio wa maji ulimwambia kwamba mzee alikuwa bado hajatoka.

*

Ghalani Bwana Hebroni alimpokea kwa kicheko. "Ndaga fijo, hongera, mama Naomi! Umepanda."

"Nimepanda wapi?"

"Cheo. Bwana ameamua. Za kati atachora mtu mwingine, tutamtafuta. Wewe kuanzia leo unachora michoro mikuu. Yeye alingoja miaka mingapi kupewa hiyo? Wewe hata mwaka hujamaliza."

Bwana Morikawa alikuwa amemwandalia meza karibu na dirisha kubwa. Juu yake kulikuwa na karatasi moja, kubwa kuliko zote alizowahi kuchorea. Alieleza kwa mikono, na Hebroni akamalizia. Ilikuwa picha ya mwisho ya filamu. Mzee amepona. Anakuja karibu, karibu, mpaka uso wake unajaza shuka lote, kutoka ukingo mpaka ukingo. Anawatazama watu wote uwanjani, anawaambia wachemshe maji.

"Mzee alisemaje kuhusu zawadi?" aliuliza Hebroni. "Bwana anauliza."

Tulinagwe alitazama matope yaliyokaukia miguuni mwake. "Hakusema kitu."

Hebroni alitafsiri. Bwana Morikawa aliitikia kwa kichwa taratibu, kwa furaha, kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea kabisa.

Alifanya kazi siku nzima. Aliuweka mstari wa kichwa, akauweka unyusi uliokatika. Alichora shavu lililozama, akalitia kivuli. Kovu chini ya sikio, kwa ukubwa ule, lilikuwa refu kama kidole chake. Alichora mdomo. Mkono ulikwenda wenyewe, haukumwuliza. Alipofika machoni ulisimama. Siku ile kwenye mwanya mzee alikuwa ameyafumba.

Bwana Morikawa alikuja, akatazama, akagusa pale palipo patupu. "Macho," alisema. Akayapanua ya kwake kwa vidole, amwonyeshe jinsi macho yanavyokuwa. "Macho, muhimu."

Wingu lilikuwa limeshuka kutoka milima ya Livingstone, na ghala likaanza kuwa jeusi. Matone ya kwanza yalipiga bati kwa kishindo, kisha mvua yote ikaja, na hapakuwa tena na mwanga wa kuchorea. Jenereta ilikuwa haina mafuta. Bwana Morikawa alitazama juu, akatabasamu. "Kesho," alisema, akaingia chumbani kwake.

Hebroni alibaki akitafuta funguo mifukoni. Alisimama nyuma ya Tulinagwe, akautazama uso ule mkubwa usio na macho, kisha akatazama mlango.

"Kama huyakumbuki," alisema, kwa sauti ambayo mvua karibu iifunike, "mnakaa shamba moja. Asubuhi kabla hujaja, mtazame vizuri."

Tulinagwe aliichukua penseli, akaanza kuichonga kwa ajili ya kesho.